Jembe, nyumba na vocha ya Mayu

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Wiki mbili hizi zilikuwa test juu ya test, boom nalo limechelewa kama kawaida yake, na katikati ya njaa hiyo mwalimu wetu wa somo la mwingiliano wa mtu na kompyuta akatupa presentesheni ya makundi: historia ya sanaa na usanifu katika kiolesura. Kiolesura ndilo neno la kamusi. Mimi huwa nasema uso wa mashine, yaani ile sehemu unayoiona na kuibonyeza, maana ya ndani huyaoni.

Kundi letu tuko watano. Wenzangu wanne walikuja na kitu kilekile walichokiokota kwenye intaneti: Xerox Star ya 1981, halafu Macintosh ya 1984, halafu simu za kugusa, tumemaliza, tukale. Nikawaambia jamani, mbona historia yote inaanzia California? Mmoja akanijibu, "Sasa unataka ianzie wapi, Samuye kwenu?" Wakacheka sana. Na mimi nikacheka. Lakini usiku sikulala vizuri, nikawa nawaza kwamba kwa kweli ndiyo, nataka ianzie Samuye.

Kwa wasiopajua, Samuye ni kata ya Shinyanga Vijijini, ukitoka mjini Shinyanga kama unaelekea Tinde. Pamba, mtama, viazi vitamu, ng'ombe, na vumbi. Mayu wangu (ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama) analima pamba huko mpaka leo. Hajui kusoma. Ila namba anazijua vizuri kuliko mimi, na hapo ndipo hadithi yote ilipo.

Julai 2021 nilikuwa nimechaguliwa kwenda Kidato cha Tano, shule ya bweni mkoani Geita. Mjomba wangu alikuwa machimboni Nyarugusu, ndiye angenipokea na kuninunulia godoro, ndoo, na makorokoro mengine ya kwenye ile fomu ya kujiunga. Mayu alikuwa ameuza pamba, akaweka hela kwenye simu kwa wakala, akarudi nyumbani amtumie mjomba shilingi 80,000. Mwezi uleule ndio serikali ilianza ile tozo ya miamala ya simu, kwa hiyo watu walikuwa wanalalamika kila kona na Mayu akawa na wasiwasi hata kabla hajabonyeza. Yeye anatuma pesa kwa kukariri. Namba ya huduma, halafu moja, halafu moja, halafu namba ya mtu, halafu kiasi, halafu namba ya siri. Ni kama hatua za ngoma, mguu huu, mguu ule. Akabonyeza kama siku zote. Mlio ukaja wa meseji. Akafurahi.

Kumbe mtandao wake, siutaji jina, ulikuwa umepanga upya menyu. Moja ya kwanza haikuwa tena ya kutuma pesa, ilikuwa ya kununua muda wa maongezi, na moja iliyofuata ilikuwa kumnunulia mtu mwingine. Baada ya hapo hatua ni zilezile kabisa: namba ya mtu, kiasi, namba ya siri. Kwa hiyo mjomba akiwa shimoni Nyarugusu akapokea vocha ya shilingi elfu themanini. Duh! Kabla ya hapo hajawahi kuwa na vocha ya elfu tano.

Tulipiga simu huduma kwa wateja, tukaambiwa muamala umekamilika na mteja alithibitisha mwenyewe. Na ni kweli, alithibitisha. Kioo kilimwandikia kwa Kiswahili safi kabisa kwamba unanunua muda wa maongezi. Ila aliyeandikiwa hasomi. Mjomba ikabidi awe muuza vocha pale machimboni, anawarushia wachimbaji salio la elfu moja, elfu mbili, wengine wanamkopa. Mimi niliripoti shule nimechelewa wiki tatu, nikakuta wenzangu wako topiki ya pili ya Hesabu, na godoro nilinunua nusu ya muhula ukiwa umepita. Mayu hakulia mbele yangu. Alichofanya ni kuacha kabisa kugusa ile menyu. Tangu siku hiyo anayemtumia ni jirani, na jirani kwa hiyo anajua salio la Mayu, na sasa kijiji kizima kinajua.

Basi ndiyo maana nikataka kujua: ni nani huamua moja iwe nini? Na kabla ya simu, watu kama Mayu walisomaje?

Nikaanza na kile anachokijua yeye, mizani. Uso wa kwanza wa mashine kwa mkulima wa usukumani ulikuwa mizani ya pamba. Gunia linaning'inia, mshale unazunguka, karani anaandika. Mayu alijifunza namba pale, akiwa mdogo, akimwangalia baba yake anavyokodolea macho ule mshale. Na si bila sababu. Enzi za ukoloni pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye mashine za kuchambulia, na wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika mno kwamba wanapunjwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, walioaminiwa na wakulima, wapime pembeni. Kutoka kwenye vuguvugu hilo, lililoongozwa na watu kama Paul Bomani, ndipo ulipozaliwa ushirika mkubwa wa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, ambao baadaye ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Vitabu vyetu vya shule vinaeleza hili kama historia ya siasa na kupigania uhuru. Sawa. Mimi naona pia ni historia ya kioo. Mshale ulikuwa unaonekana na kila mtu, lakini nani anauamini mshale ambao mwenye mashine ndiye ameuweka?

Halafu nikapanda maktaba ya Mlimani, kule kwenye makusanyo ya East Africana, ambako zimehifadhiwa karatasi za Hans Cory. Huyu alikuwa Mwaustria aliyefanya kazi kama mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, akakaa sana kwetu usukumani, akafariki 1962. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake kuhusu michoro ya ukutani ya wachezea nyoka wa Tanganyika. Hao ni wale tunaowaita bayeye, chama cha watu wanaojua nyoka, dawa za sumu, na ngoma zake. Nilikuwa nimezoea kuwaona kwenye ngoma tu, nyoka shingoni na watu wanakimbia. Sikujua kwamba walikuwa na nyumba zao za kukutania ambazo kuta zake ndani zilichorwa nyoka, watu, viumbe vya hadithi, wanyama, kwa rangi ya udongo, ya majivu, ya masizi.

Nilivyoangalia ile michoro kitu kikanigonga. Ilikuwa ndani, siyo nje. Haikuchorwa ili mpita njia aburudike. Ilikuwa ya kumfundishia mwanachama mpya. Anakalishwa, anaonyeshwa, anaelezwa huyu nyoka ni nani na dawa yake ni nini, mpaka ukuta unakuwa kumbukumbu. Bila mwalimu, ukuta ule ni mapambo tu. Sisi wa kompyuta tumezoea kusema "asiyesoma mwekee picha ataelewa", kana kwamba picha inajisemea. Bayeye walijua zamani kwamba haijisemei.

Nilimjaribu Mayu likizo iliyopita. Nilimpa simu yangu ya kugusa nikamwuliza picha moja moja ni nini. Lile gurudumu la meno, la mipangilio, akasema mara moja, "Spoketi ya baiskeli." Nikamwuliza ukiibonyeza utapata nini? "Fundi." Jamani, si kweli hiyo? Ndiyo maana yenyewe! Ile bahasha ya barua akasema ni mchango wa harusi, maana kwetu bahasha ikija nyumbani haina barua, ina kadi ya kudaiwa. Ile disketi ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta alidhani ni redio. Hapo sikumcheka, kwa sababu na mimi sijawahi kuishika disketi maishani mwangu, nimekaririshwa tu kama yeye alivyokariri moja na moja. Ila alipofika kwenye kijumba cha kurudi mwanzo akacheka mwenyewe, akasema, "Hii si ile nyumba ya kura?"

Hapo sasa ndipo nilipogundua Tanzania ina historia yake ya ikoni, miaka 16 kabla ya Xerox Star.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, na wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Utawekaje majina mawili mbele ya mtu asiyesoma? Wakapewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Alama hizo zikaendelea kutumika katika chaguzi zilizofuata za mfumo ule. Angalia jinsi zilivyochaguliwa kwa akili. Vitu viwili ambavyo kila kaya inavyo, kuanzia Mtwara mpaka Bukoba, vyenye maumbo yasiyofanana hata kidogo hata ukivichora vidogo kwa wino mmoja mweusi. Aliyepanga vile hakujiita msanifu, lakini nimesoma vitabu vya usanifu vinene visivyofika hapo.

Na bado havikuwa sawa! Marehemu babu alikuwa anasimulia jinsi wagombea walivyozigeuza alama kuwa hoja. Wa jembe anasema bila jembe mtakula nini, wa nyumba anasema ukishalima utalala wapi, porini? Watafiti waliouchambua uchaguzi ule nao walijadili kama jembe lilimpa mtu bahati zaidi kwa wakulima. Picha haikuwa pembeni ya siasa, ilikuwa ndani yake. Na katika uchaguzi huohuo Paul Bomani, yule wa mizani, wakati huo Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni kwake. Nimeweka hii kwa sababu imenifurahisha tu.

Nirudi California kidogo, wenzangu wa kundi wasije wakaniacha. Waliotengeneza Xerox Star walifikiria mfanyakazi wa ofisini, kwa hiyo wakachora meza, majalada, makabati, kikapu cha barua. Baadaye kampuni ya Apple ilimpa kazi msanii anayeitwa Susan Kare, aliyesomea sanaa na siyo kompyuta, achore alama za Macintosh. Alianza kwenye daftari la mirabaraba, anajaza kiboksi kimoja kimoja, kila ikoni vitone 32 kwa 32. Ile alama ya kitanzi chenye pembe nne kwenye kibodi za Apple aliitoa kwenye vibao vya Sweden vinavyomwonyesha msafiri sehemu ya kuvutia. Kwa hiyo hata wao walichukua vitu vya nyumbani kwao na vya majirani zao. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni pale meza ya ofisi ya Marekani inapofika Samuye, ambako ofisi ya kata yenyewe jalada linakaa juu ya kiti, na sisi tunaambiwa hii ni lugha ya dunia nzima.

Kuna watu hapahapa chuoni walishajaribu kuirekebisha hali hiyo upande wa maneno. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliitwa Jambo OpenOffice. Wengi wa rika langu hawajaisikia kabisa na mimi naona ni aibu kidogo. Kazi kubwa ilikuwa kutafuta maneno, na maneno nayo ni usanifu, maana lazima yaenee kwenye kitufe. Leo tukiona "hifadhi" na "hariri" kwenye menyu tunaona kawaida. (Rafiki yangu mmoja wa Pemba anasema kila akiona hariri anafikiria kitambaa.) Lakini kazi ile ilimsaidia anayesoma. Mayu yuko nje ya mlango bado.

Sasa tuje kwenye simu ya tochi, Nokia 1100, iliyotoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Ilikuwa na kioo cha vitone 96 kwa 65, rangi moja. Nimepiga hesabu: ikoni za Susan Kare zingeenea pale sita, tatu juu, tatu chini. Jembe, nyumba, vocha, taa ya umeme, ada ya shule, mtu. Ingewezekana! Kilichozuia siyo kioo, ni njia. Pesa ya simu ilianza Kenya Machi 2007 kwa M-Pesa ya Safaricom, menyu yake ikiwa imewekwa ndani ya laini yenyewe. Hapa kwetu Vodacom walianza 2008, mitandao mingine ikafuata, na tukazoea kupiga nyota, namba, alama ya reli. Njia hiyo hubeba maandishi matupu, na ukurasa mmoja hauzidi herufi 182. Hakuna picha inayopita. Hakuna rangi, hakuna herufi nene. Msanifu ana vitu viwili tu mkononi: maneno, na mpangilio.

Kwa hiyo mpangilio ndio sanaa yote. Kwa mtu anayesoma, moja ni namba ya mstari tu, leo iko juu kesho iko chini. Kwa Mayu moja ndilo jina la kitu chenyewe. Kubadilisha namba bila kumwambia ni sawa na katikati ya uchaguzi wa 1965 kumpa wa jembe nyumba na wa nyumba jembe, halafu kumwambia mpiga kura ulithibitisha mwenyewe.

Nasema hivyo na bado namwonea huruma kidogo aliyepanga ile menyu. Herufi 182, huduma zinaongezeka kila mwezi, bosi anataka mikopo ionekane juu, na pengine hajawahi kukaa na mtu asiyesoma saa nzima. Na mitandao imefanya mambo mazuri pia. Hili la kukuonyesha jina la anayepokea kabla hujaweka namba ya siri limeokoa pesa za wengi, angalau za wanaosoma.

Mayu mwenyewe ana utaratibu wa kuthibitisha aliouanza kabla mitandao haijaufikiria. Ni kwenye kanga. Kanga ina uso wake uliopangwa tangu enzi za bibi zetu: pindo kuzunguka, mji katikati, jina kwa chini, mahali palepale siku zote, kwa herufi kubwa. Mayu huchagua kwa kuangalia mji na rangi, haraka sana, wala hababaiki. Lakini kabla hajatoa hela hunikabidhi ile doti, ananyoosha kidole kwenye jina: "Soma kwanza, nisije nikavaa matusi nikaenda nayo kanisani." Namsomea. Mara mbili ameirudisha. Muuzaji hajawahi kumwambia ulishathibitisha.

Hiyo ndiyo tuliyopeleka kwenye presentesheni. Wenzangu walikubali mwishoni, tukaweka jembe na nyumba mbele, Macintosh nyuma yake. Tuliomba watu darasani wachore ikoni ya "tuma pesa" kwa mtu ambaye hajawahi kuona bahasha wala meza ya ofisi, dakika mbili tu. Zilikuja ndege za karatasi, mishale, mkono kwa mkono, bodaboda moja. Mwalimu akauliza hizo picha tutamfundisha nani, na nani atamfundisha. Nikamtajia bayeye. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui ni maksi au ni jina la kitabu.

Jioni nikampigia Mayu. Likizo ile nilikuwa nimemchorea kadi ya boksi la sabuni, hatua kwa hatua, namba ya kubonyeza na picha pembeni yake: mtu akimpa mtu hela, halafu simu, halafu noti, halafu kufuli. Kwa upande wa vocha nilichora karatasi ya kukwangua, akanirekebisha, akasema siku hizi hakuna anayekwangua, chora mdomo. Nikachora mdomo. Nikamwuliza kama ameshaijaribu. Akasema ametuma elfu mbili kwa mjomba, peke yake, jirani hajui, na mjomba amepokea hela siyo vocha. Nikafurahi, nikamwambia wabeja Mayu.

"Ila ng'wana wane," akasema, "acha nafasi kwenye hiyo kadi. Wakibadilisha tena utachora wapi?"

Nimemwahidi kadi mpya nikirudi Juni. Kwa sasa ngoja nikimbie kimbweta, kesho asubuhi kuna test na sijafungua hata ukurasa.